Tende, ndimu, ukwaju, mrehani au pilipili: mbegu ipi ya kuotesha ndani ya nyumba Lamu na Malindi

Mbegu hizi tano hazihitaji safari ya dukani. Kokwa za tende hubaki sahanini baada ya futari, ndimu hukamuliwa kila siku, ukwaju umo kabatini, mrehani huuzwa na wauza viungo kwa jina la tukumaria (zile mbegu nyeusi za kwenye faluda), na pilipili nyekundu moja iliyokauka ina mbegu za kutosha vyungu kumi. Zote huota kwa joto letu la kawaida. Penye baridi watu hununua mikeka ya umeme ya kupashia udongo moto ili mbegu ya pilipili iamke. Lamu na Malindi hewa ya chumba inaifanya kazi hiyo bure karibu mwaka mzima.

Kuota, basi, zitaota. Zinapoachana ni baada ya hapo: miezi sita baadaye ipi bado ina majani, katika nuru ya nyumba yako na kwa maji ya mfereji au kisima chako. Mambo mawili ndiyo yanayokata shauri, nuru na chumvi. Uzuri wa jani uje baadaye.

Nuru kwanza

Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kulizuia jua. Kuta za mawe ya matumbawe zina unene wa karibu nusu mita, upande wa njiani madirisha ni machache, na mwangaza mwingi huingia kwa kiwandani, pale katikati palipo wazi juu. Ukitoka kiwandani ukaingia msanani, ukumbi unaopakana nacho, mwangaza unapungua. Ukifika ndani penye zidaka, yale mashubaka ya ukutani, umekwisha. Jicho halioni tofauti hiyo sawasawa kwa sababu huzoea kiza. Mmea hauzoei. Kidaka ni mahali pa sahani na vitabu, na mche uliowekwa humo utarefuka wiki mbili ukitafuta jua, kisha utalala.

Pima hivi. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, nyoosha mkono sentimita 30 juu yake, panua vidole. Vidole vikionekana kimoja kimoja kwenye kivuli, nuru ni kali na mmea wowote kati ya hii mitano utaishi hapo. Kivuli kikiwa kama wingu lenye umbo la kiganja, nuru ni ya kati: tende na ndimu zitavumilia, mrehani na pilipili hazitakufaa. Usipoona kivuli chochote, chagua mahali pengine.

Kisha kumbuka kwamba jua huhama. Lamu iko nyuzi 2 na robo kusini mwa ikweta, Malindi nyuzi 3 na kidogo. Jua hutupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Toka mwisho wa Machi hadi Septemba, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Toka Oktoba hadi mapema Machi liko kusini. Dirisha la kaskazini lililojaa jua mwezi wa Julai halipati hata mshale mmoja Desemba. Watu wengi hudhani mmea umepatwa na ugonjwa, kumbe jua limeliacha dirisha. Dirisha la mashariki ndilo bora: hupata jua la asubuhi mwaka mzima na halichomi. La magharibi hupata jua pia, lakini jua la saa tisa likipiga ukuta mweupe wa chokaa huupasha chungu moto mpaka mizizi iliyo pembeni ikafa. Hapo vuta chungu shibiri moja kutoka ukutani.

Nyumba za Malindi za siku hizi zina madirisha mapana zaidi, ila nyingi zina wavu wa mbu, na wavu uliojaa vumbi hupunguza nuru kuliko unavyofikiri. Usugue kabla ya kuulaumu mche.

Kisha chumvi

Maji matamu ya mji wa Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Visima vya karibu na bahari huingiwa na maji ya chumvi, na hali huwa mbaya zaidi kaskazi ikipamba moto, kabla ya masika. Malindi anayepata maji ya Baricho, kule mto Sabaki, ana nafuu. Anayetumia kisima cha karibu na ufuo yuko sawa na mtu wa Lamu.

Wataalamu wa udongo hupima chumvi kwa desisimensi kwa mita. Mtende huanza kuona taabu kipimo cha udongo kikipita 4. Mchungwa, ambao ni ndugu wa mndimu, huanza kwa 1.7, na pilipili kwa 1.5. Yaani maji yanayoudhoofisha mpilipili, mtende huyanywa kama kawaida. Ndiyo maana tende imekuja juu katika ulinganisho huu, na ingekuwa Nairobi isingekuwa hapo.

Nyumbani huna kifaa cha kupimia, lakini una dalili. Maji yakiharibu ladha ya chai, yana chumvi ya kutosha kuumiza ndimu. Sabuni isipotoa povu na birika la kuchemshia likifanya ukoko mweupe, yana chokaa, na chokaa nayo ni adui wa ndimu kwa njia yake, kama itakavyoonekana hapa chini. Kwa mimea miwili au mitatu, maji ya mvua ya masika yaliyohifadhiwa kwenye mtungi wenye kifuniko yanatosha muda mrefu. Acha mvua ya kwanza ioshe paa ndipo uanze kukinga. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi pia hayana chumvi wala chokaa, na ni ya bure.

Kwa mkato

| | Tende | Ndimu | Ukwaju | Mrehani | Pilipili |
|---|---|---|---|---|---|
| Siku za kuota | mzizi 10–20, jani hadi 55 | 14–28 | 5–14 | 4–7 | 8–14 |
| Jua la moja kwa moja kwa siku | saa 2–3 | saa 3–4 | saa 4 | saa 5 | saa 5–6 |
| Maji ya chumvi | huvumilia | huungua | huvumilia kiasi | hudumaa | huungua |
| Kina cha chombo | sm 25 | sm 20 | sm 20 | sm 15 | sm 20 |
| Ukisahau kumwagilia wiki moja | haijali | hukunja majani | hupukutisha, hurudi | hufa | hupukutisha maua |
| Muda wake ndani ya nyumba | miaka 5 au zaidi | miaka mingi | miaka 2–3 kwa kukatwa | miezi 4–6 | mwaka 1 hivi |

Tende na ndimu: za kukaa miaka

Ukitaka mmea wa kukaa nao, chaguo ni kati ya hizi mbili. Tuanze na tende, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi na wasioijua.

Tende yoyote iliyokaushwa kwa jua inafaa, ghali na rahisi sawasawa. Sugua kokwa mpaka utelezi wa sukari uishe, kwani sukari ndiyo inayoleta ukungu. Loweka saa 48, ukibadilisha maji asubuhi na jioni. Kisha zifunge katika kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kisichodondosha maji, uziweke ndani ya kopo lenye kifuniko kilichowekwa bila kukazwa, juu ya kabati mahali penye joto. Tia kokwa sita ili upate miche mitatu au minne. Fungua kila baada ya siku tatu. Yenye ukungu ioshe uirudishe, iliyolainika na kunuka itupe.

Tazama kokwa kwa karibu. Upande mmoja una mfereji, upande wa pili una kidoa kidogo cha mviringo, kama kichwa cha pini. Hapo kwenye kidoa ndipo panapofunguka, na kinachotoka ni kidole cheupe kinachoelekea chini moja kwa moja. Si mzizi mtupu: ndani yake kimebeba chipukizi. Kidole hushuka sentimita kadhaa udongoni, kikaacha kokwa juu, kisha hupasuka ubavuni na jani likapandia hapo. Kwa hivyo jani halitokei kwenye kokwa, hutokea pembeni yake, na huchukua wiki tatu hadi tano baada ya kupanda. Mtu asiyejua hili hungoja wiki mbili, haoni kitu, huchimba kutazama, na kidole hukatika. Mche uliokuwa mzima kabisa hufa hivyo.

Kwa sababu ya ushukaji huo chombo kinataka kina zaidi ya upana. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo na kutobolewa matundu manne chini ni bora kuliko chungu kizuri kilicho kifupi. Funga karatasi au kitambaa kuizunguka, maana nuru ikipenya plastiki mwani wa kijani huota ndani. Kokwa ikae sentimita 2 chini ya udongo, kidole kikitazama chini.

Mwaka wa kwanza usitarajie kuti. Utapata majani matatu au manne mazima, membamba, magumu, kama ya nyasi pana. Majani yanayogawanyika kama ya mtende mkubwa huanza mwaka wa pili au wa tatu. Mwenye haraka atachoka. Lakini ni mmea usiolalamika: maji mara moja kwa wiki, kisima cha chumvi kidogo, upepo wa kusi, safari ya siku kumi Mombasa, yote huyachukua. Ukiwa na watoto wadogo, jua kwamba ncha za majani huwa ngumu na kali kadiri miaka inavyokwenda.

Ndimu ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Majani yake yanang'aa toka mwezi wa pili, na ukiyasugua kati ya vidole chumba kizima hunukia. Kwa uzuri, ndimu inaishinda tende mara tatu. Kwa uvumilivu, inashindwa.

Mbegu ya ndimu haitaki kukauka. Hili ndilo kosa la kwanza: watu huzianika juani kama za pilipili, na nyingi hufa. Ikamue ndimu, osha mbegu utelezi utoke, panda siku ileile, sentimita 1 hadi 1.5. Ukiwa na subira, menya ganda la nje kwa ukucha, lile jeupe la karatasi. Huota karibu mara mbili upesi. Chagua ndimu ndogo za mviringo zenye ngozi nyembamba, kwa sababu zile kubwa za kijani zinazokuja na magari mara nyingi hazina mbegu. Usishangae mbegu moja ikitoa miche miwili au mitatu. Ndivyo ndimu ilivyo: baadhi ya miche hiyo hutokana na mwili wa mti mama peke yake na hufanana naye kabisa. Iache wiki sita, kisha utenganishe.

Sasa chokaa. Mchanga wa visiwa vyetu ni matumbawe yaliyosagika, kuta zinapakwa chokaa, na visima vimechimbwa katika jiwe hilohilo. Udongo ukizidi chokaa, ndimu haiwezi kunyonya madini ya chuma hata kama yamo tele. Dalili yake haifichiki: majani machanga huwa ya manjano, mishipa ikabaki kijani, kama ramani ya mito. Mbolea ya kawaida haitibu. Kinachotibu ni kubadilisha udongo, ukatumia mwekundu wa bara usio na matumbawe, na kumwagilia maji ya mvua au ya kiyoyozi. Usiweke chungu cha ndimu chini ya ukuta unaomomonyoka plasta. Vumbi lile likidondokea chunguni miezi mitatu, udongo wote hugeuka.

Na matunda? Usioteshe ndimu ya ndani kwa ajili ya matunda. Mti wa mbegu huchukua miaka mitatu hadi sita nje penye jua kali. Ndani unaoteshea majani na harufu, na hayo yanatosha.

Ukwaju: kwa mwenye mtoto nyumbani

Hakuna mbegu kati ya hizi inayofurahisha kuitazama kama ukwaju. Inapotoka hujiinua juu ya udongo ikibeba mbegu yake kichwani, hupasuka vipande viwili vinene, kisha majani madogo mithili ya unyoya hufunguka. Magharibi ikiingia, majani hujikunja mawili mawili yakalala. Asubuhi hufunguka tena. Mtoto wa miaka mitano hataacha kwenda kutazama.

Ganda lake ni gumu, na bila msaada linaweza kukaa mwezi mzima bila kupitisha maji. Sugua upande mmoja kwa msasa mpaka uone rangi hafifu ya ndani, au likate kidogo kwa kikatia kucha, mbali na lile jicho lililo nchani. Loweka saa 24. Iliyovimba ipande sentimita 1.5, isiyovimba isugue tena. Maji ya moto yanasaidia ikiwa yameepuliwa na mbegu zikaachwa zipoe humo. Mbegu zilizochemka motoni pamoja na juisi ya ukwaju zimekufa, usizipande.

Ukwaju hukimbia. Ukishafika sentimita 25 ukate ncha, nao utatoa matawi pembeni. Rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu, na mara moja kwa mwaka utoe chunguni upunguze mizizi theluthi moja. Usipofanya hivyo, baada ya mwaka una fimbo ndefu yenye majani juu tu. Wakati wa kaskazi hewa kavu huleta utitiri: chini ya majani utaona utando mwembamba na madoa kama vumbi. Uoshe mmea wote kwa maji ya kopo, chini ya majani zaidi kuliko juu, mara mbili kwa wiki.

Wengine huuliza ubuyu. Unaoteshwa kwa njia ileile, kwa msasa na kuloweka, ila mbegu zitoke ndani ya buyu lenyewe. Zile za kutafuna zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu hazioti kamwe, na kila mwaka kuna mtoto anayezipanda akangoja. Kokwa ya embe nayo huota haraka, lakini mwembe unataka uwanja. Ndani hurefuka kijiti kimoja na majani hupata madoa meusi msimu wa mvua.

Mrehani na pilipili: za jikoni, zenye kutaka jua

Hapa hakuna njia ya mkato. Kama mahali pako hapapati jua kwa muda wa saa tano kila siku, ruka sehemu hii.

Mrehani ni wa haraka na una kazi nyumbani, jikoni na kwenye vikuba pamoja na asumini. Nyunyiza mbegu 20 hadi 30 katika chungu cha upana wa sentimita 20, zifunike kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita. Zikilowa tu kila moja hujivika utando kama mayai ya chura, ni kawaida. Mmwagio wa maji kwa nguvu ukizipiga wakati huo huteleza zote upande mmoja, kwa hivyo weka chungu ndani ya sahani ya maji kinyonye kutoka chini. Miche ikiwa na majani manne, bakisha mitano, mingine yote ng'oa. Inauma kung'oa miche mizima, lakini miche 30 katika chungu kimoja huishia kuwa nyuzi 30. Ukifika sentimita 15 kata ncha, na kila suke la maua likitokeza likate siku hiyohiyo; mrehani ukishazaa mbegu umemaliza umri wake. Kabla haujazeeka, weka matawi mawili ndani ya glasi ya maji. Kwa siku 7 hadi 10 yana mizizi, na hutahitaji mbegu tena.

Pilipili ni ya subira zaidi. Panda sentimita 1, hamishia chombo cha lita 5 ikiwa na majani sita. Ndani hakuna upepo wala nyuki wa kutosha, kwa hivyo maua yakifunguka tikisa shina kwa kidole kila asubuhi. Machi, usiku ukiwa wa moto, maua mengi hupukutika hata ufanyeje. Ukiweza panda Mei ili ichanue kwenye ubaridi wa kusi. Kati ya hizi mbili, mwenye jua la kutosha na maji matamu aanze na mrehani. Pilipili ikiugua vidukari, na ndani hilo ni jambo la karibu kila mwaka, kazi ya kuosha majani si ya mwanzo.

Udongo na chombo

Udongo wa kitalu usiununue. Changanya vikombe 3 vya udongo mwekundu wa shamba, vikombe 2 vya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukatwa vipande vidogo, na kikombe 1 cha samadi ya punda. Samadi iwe imekaa miezi mitatu au zaidi na hainuki. Mbichi huunguza mizizi na imejaa mbegu za majani. Makumbi yaloweke maji matamu usiku kucha, uyamwage, urudie, hasa kama yalifukiwa pwani kwa ajili ya kamba, kwani yamejaa chumvi. Kwa tende na ukwaju ongeza vikombe 2 vya mchanga mnene, na samadi ipunguze nusu. Mchanga wa ufuoni usitumie kwa ndimu hata ukiuosha: chumvi itatoka, chokaa itabaki.

Kutia kokoto chini ya chungu ni desturi isiyosaidia. Maji hayashuki kwa hiari kutoka udongo laini kuingia penye mawe. Hukaa juu yake, na mizizi inapungukiwa na mahali pakavu. Matundu ndiyo yanayotoa maji. Kifuu cha nazi kilichotobolewa kinafaa kuoteshea mrehani na ndimu wiki sita za kwanza, kisha hakitoshi.

Kisahani cha chini kimwage maji nusu saa baada ya kumwagilia. Mbu wanaoeneza chikungunya, ugonjwa ulioikumba Lamu mwaka 2004, wanazaliana katika maji kidogo ya vyombo vya nyumbani, na katika joto letu yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Sahani ya maua iliyosahaulika inatosha.

Majani yanasema nini

Ncha na kingo zikikauka rangi ya kahawia huku jani likibaki kijani katikati, ni chumvi. Mimina maji matamu mara mbili ya ujazo wa chungu, yapite yatoke chini, na rudia kila wiki mbili. Majani machanga manjano yenye mishipa ya kijani ni chokaa. Majani ya chini, yale ya zamani, yakiwa manjano yote kwa pamoja, mmea una njaa: kijiko kikubwa cha samadi iliyooza juu ya udongo kinatosha.

Miche midogo ikilala chini ghafla, shingo imekuwa nyembamba kama uzi, ni ukungu wa udongo unaoletwa na msongamano, maji mengi na hewa isiyopita. Iliyolala haiponi. Iokoe iliyobaki kwa kuacha uso wa udongo ukauke na kusogeza chungu penye upepo. Anayetaka kuzuia mapema amimine maji ya moto yanayochemka juu ya udongo kabla ya kupanda, auache upoe hadi kesho yake.

Kwenye ndimu, ukiona kitu kama mavi ya ndege kimekaa juu ya jani, kiguse kwa kijiti. Mara nyingi ni kiwavi wa kipepeo, na viwili vinaweza kumaliza mche kwa siku chache. Na paka wa Lamu hupenda udongo mkavu laini kuliko kitu chochote. Funika uso wa chungu kwa vipande vya vifuu, ncha zikitazama juu.

Chukua ipi

Nyumba ya mawe, nuru ya msanani, maji ya kisima: tende, bila kusita. Nyumba yenye dirisha la mashariki na maji ya mvua au ya Baricho: ndimu. Darini au kiwandani penye jua la nusu siku: mrehani kwanza, pilipili baada ya kuuzoea. Penye mtoto, ongeza ukwaju hata kama umechagua kingine, kwa kuwa mbegu zimo tayari jikoni.

Fedha ikiwa ndogo na hujawahi kuotesha chochote, panda tende na mrehani siku moja. Mrehani utakupa kitu cha kutazama wiki ya kwanza, mikono yako ikae mbali na ile chupa ya tende. Iandike tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na kabla ya siku 60 kupita usiifukue.